Msumeno Ukate Mbele na Nyuma

Mchezo usio na sheria ni ugomvi, na sheria isiyo na adhabu ni pambo. Watu wawili wakitaka kushindana, jambo la kwanza wanalopatana si nani atakayeshinda, bali ni lipi litakaloruhusiwa na lipi litakalokatazwa. Bila ya mapatano hayo, mwenye nguvu angemvunja mnyonge mkono, kisha akadai kombe. Kwa hiyo sheria ndiyo inayomfanya mshindi astahili kuitwa mshindi. Wahenga walisema ya kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika insha hii nataka kuonyesha ya kwamba msumeno ukikata upande mmoja tu si msumeno tena; ni kisu mkononi mwa mwenye nguvu. Ushahidi wangu nitautoa katika michezo ya nchi moja ndogo ya Ulaya iitwayo Ireland, ambayo watu wake wanaipenda michezo yao kuliko watu wa mataifa mengi, na ambao kwa sababu ya mapenzi hayo wamejua jinsi ilivyo vigumu kumwadhibu mtu unayemshangilia.

Nchi hiyo si ngeni kabisa kwetu. Mapadre, masista na mabruda wake walifundisha katika shule nyingi za Kenya. Bruda Colm O'Connell, aliyefika Iten mwaka 1976 na kuwalea wakimbiaji waliojulikana duniani kote, ni mzaliwa wa Cork, kaunti ambayo watoto wake hushika fimbo ya mchezo karibu wanapojua kutembea. Basi tunaposoma habari za viwanja vya Ireland, tunasoma habari za watu ambao baadhi ya ndugu zao waliwahi kusimama mbele ya mbao zetu nyeusi na kutufundisha maana ya nidhamu.

Tarehe 1 Novemba 1884 watu wachache walikutana katika hoteli moja mjini Thurles, kaunti ya Tipperary. Miongoni mwao walikuwamo mwalimu Michael Cusack na mwanariadha Maurice Davin. Wakati ule Ireland ilitawaliwa na Uingereza, na michezo ya wenyeji ilikuwa ikififia mbele ya michezo ya watawala. Watu wale waliunda Chama cha Michezo ya Kigaeli, ili Mwairishi acheze mchezo wa babu zake bila ya haya. Michezo mikubwa ya chama hicho ni miwili. Mmoja huitwa halingi, ambao wachezaji huupiga mpira mdogo wa ngozi kwa fimbo bapa za mbao, na mpira huo huenda kwa kasi ya kutisha. Wa pili ni kandanda ya Kigaeli, ambayo mpira hupigwa kwa mguu na vilevile huruhusiwa kushikwa kwa mikono. Katika yote miwili, kila upande hutia uwanjani wachezaji 15.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba hata leo wachezaji hao hawalipwi mshahara. Ni watu wa ridhaa. Fainali ya nchi nzima huchezwa katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin, ambao huchukua watu zaidi ya 80,000. Lakini sherehe zikiisha shujaa wa Jumapili hurudi kazini: mwalimu darasani, mkulima kwa ng'ombe wake, fundi kwa misumari yake. Mchezaji huchezea parokia yake na kaunti yake. Hauzwi wala hanunuliwi. Anayepambana naye leo huenda kesho akakutana naye sokoni, kanisani au mazishini. Na mwamuzi anayepuliza kipenga naye ni mtu wa jirani, aliyeacha jamaa zake nyumbani siku ya mapumziko ili vijana wa watu wengine wapate kucheza.

Katika jamaa ya namna hii, adhabu kubwa haiwezi kuwa faini ya mshahara, kwa sababu mshahara haupo. Adhabu kubwa ni kufungiwa. Mchezaji aliyetenda kosa baya huonyeshwa kadi nyekundu, akatoka, na wenzake wakabaki pungufu. Baada ya hapo hukosa mechi moja au zaidi, kwa kadiri ya kosa. Makosa mengine hupimwa kwa majuma: mchezaji anayemsukuma au kumvuta mwamuzi hufungiwa kwa majuma mengi. Kamati moja hupendekeza adhabu, kamati ya pili husikiliza kesi, kamati ya tatu hupokea rufani. Na tangu mwaka 2005 lipo baraza huru la usuluhishi juu ya zote hizo, ili watu wa michezo wasikimbilie mahakama za serikali kwa kila mzozo. Ukizisoma kanuni hizi huoni kosa kubwa. Ni nyumba yenye msingi, kuta na paa.

Kosa halimo katika nyumba. Limo katika wale wanaotafuta madirisha yake. Desturi ninayoishutumu ni hii. Mchezaji mashuhuri hupiga mtu mbele ya maelfu ya macho. Mwamuzi humtoa. Sheria yasema atakosa mechi ijayo. Lakini mechi ijayo ni nusu fainali au fainali, na kaunti nzima yamlilia. Hapo ndipo karatasi huanza kuchunguzwa. Je, ripoti ya mwamuzi iliandikwa kwa maneno yanayotakiwa? Je, barua ililetwa kwa saa iliyowekwa? Je, kamati ilikaa kama ilivyopasa kukaa? Swali la kwanza kabisa, yaani, je, alipiga au hakupiga, husahauliwa. Na nyufa za karatasi zikipatikana, mkosaji hupita ndani yake akaenda zake uwanjani.

Nitataja mfano unaojulikana. Tarehe 30 Agosti 2015 Dublin na Mayo walitoka sare katika nusu fainali ya kandanda. Diarmuid Connolly wa Dublin, mmoja wa wachezaji hodari wa zama zake, alipewa kadi nyekundu kwa kosa la kupiga. Mechi ya marudio ilipangwa Jumamosi iliyofuata. Dublin wakapanda ngazi zote za malalamiko, moja baada ya moja, ndani ya siku chache tu. Na usiku wa kuamkia siku ya mechi baraza la usuluhishi lilimfungua, kwa hoja ya jinsi kesi yake ilivyosikilizwa. Akaruhusiwa kucheza. Dublin wakashinda, na mwezi huohuo wakatwaa ubingwa wa nchi.

Sisemi ya kwamba baraza lile lilivunja sheria. Huenda liliifuata sheria neno kwa neno. Nasema kwamba sheria inayoweza kufuatwa neno kwa neno hata ikamfikisha hapo ni sheria iliyosahau kazi yake. Mwamuzi aliyetoa kadi ile alitazama, akaamua, na akasimama juu ya uamuzi wake mbele ya umati. Juma lilipokwisha, uamuzi wake ulikuwa umepotea kama moshi. Mwamuzi mwingine, katika parokia ndogo, mbele ya watu 50 na mbwa wao, atajifunza nini kwa habari hiyo? Atajifunza ya kwamba kipenga chake ni cha wadogo.

Maana mdogo hana wakili. Kijana wa timu ya tatu ya parokia akitolewa Jumapili kwa kosa lilelile, klabu yake haitakesha usiku ikipekua vitabu vya kanuni. Hakuna gazeti litakaloandika jina lake. Atakaa pembeni, atakosa mechi yake, na mambo yatakwisha. Hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini ikipasa kwake, mbona haipasi kwa shujaa? Dau la mnyonge haliendi joshi, walisema wazee wetu. Basi uwanja wa michezo ndio mahali pa mwisho ambapo tungetaka kuuona ukweli wa methali hiyo. Kila adhabu anayoikwepa mkubwa ni dhuluma kwa mdogo aliyeitumikia.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, kwa kuwa ndani yake hakuna tofauti ya mkubwa na mdogo, wala ya kaunti na kaunti. Ni mfano wa watu wawili wa timu moja. Katika mchezo wa halingi, tangu mwaka 2010 kila mchezaji analazimishwa kuvaa kofia ya kinga, yenye wavu wa chuma mbele ya uso. Kumvuta mpinzani kwa kofia hiyo kwaweza kumvunja shingo au kumwacha kichwa wazi mbele ya fimbo zinazoruka. Kwa hiyo sheria huhesabu tendo hilo kuwa kosa la kutolewa. Mwezi wa Julai 2017, Tadhg de Búrca wa Waterford alitolewa katika robo fainali kwa kosa la kushika kofia ya mpinzani. Akalalamika mpaka ngazi ya mwisho, lakini hakufaulu. Nusu fainali ilipochezwa mwezi wa Agosti, yeye alikuwa mtazamaji.

Katika nusu fainali hiyohiyo, Austin Gleeson, mwenzake wa timu hiyohiyo, alionekana akimvuta mchezaji wa Cork kwa kofia mpaka kofia ikatoka. Hakutolewa uwanjani. Baadaye kamati haikumfungia. Fainali ilipofika mwezi wa Septemba, alicheza. Hapana shaka zilikuwapo sababu za kanuni. Kwa desturi ya chama, jambo ambalo mwamuzi asema amekwisha kuliona na kuliamua uwanjani halifunguliwi tena mezani. Walakini, mwambie mtoto wa miaka kumi ahukumu: tendo moja, jezi moja, mwaka mmoja, huyu akakosa nusu fainali, na huyu hakukosa dakika moja. Mtoto hatauliza habari za vifungu. Atauliza, kwa nini? Na mtu mzima atakayejaribu kumjibu atajikuta akitazama chini.

Simlaumu Gleeson kwa kucheza. Nani angekataa kucheza fainali akiitwa? Nailaumu sheria iliyowapa majirani wawili mizani miwili. Adhabu isiyo sawa ni mbaya kuliko kukosa adhabu, kwa sababu kukosa adhabu huwafundisha watu uzembe, bali adhabu isiyo sawa huwafundisha kuidharau haki yenyewe.

Watetezi wa desturi hii wana hoja tatu, nami nitazijibu moja moja, kwa maana si haki kuwashutumu watu bila ya kuwasikiliza.

Hoja ya kwanza ni ya huruma. Wanasema: mchezaji wa ridhaa halipwi. Hufanya mazoezi gizani wakati wa baridi, hukosa sikukuu, huumia magoti, na malipo yake yote ni siku moja ya fahari katika Croke Park. Ukimnyima siku hiyo umemnyima kila kitu. Maneno haya yanagusa moyo, na yana ukweli ndani yake. Lakini yasikilizeni tena, mkimkumbuka mtu mwingine. Yule aliyepigwa naye halipwi. Naye alikimbia gizani. Naye ni seremala ambaye Jumatatu ahitaji vidole vyake, au mwalimu ambaye ahitaji macho yake. Mchezaji wa kulipwa akivunjwa taya, klabu humlipa mpaka apone; wa ridhaa akivunjwa taya, kazi yake ndiyo inayomngojea. Kwa hiyo ridhaa si sababu ya kulegeza sheria. Ni sababu ya kuikaza. Palipo na watu wasiolipwa, mwili wa kila mmoja ni amana kwa wenzake wote.

Hoja ya pili ni ya tahadhari. Wanasema: wakuu wa chama si malaika, nao hukosea, nao huonea, kwa hiyo mchezaji sharti apewe kila silaha ya kujitetea. Hoja hii siwezi kuipuuza. Mwaka 1998 Colin Lynch wa Clare alifungiwa miezi mitatu kwa mambo yaliyotokea katika fainali ya jimbo la Munster, ingawa hakutolewa uwanjani siku ile. Wenzake waliona ameonewa, wakaenda hadi Mahakama Kuu kuomba adhabu izuiwe, wasifanikiwe. Watu wa Clare hawajaacha kuizungumza habari hiyo. Kwa ajili ya misukosuko ya namna hiyo, baraza huru la mwaka 2005 lilihitajika, na kuwako kwake ni jambo jema. Mtu asihukumiwe bila ya kusikilizwa, hata katika mchezo.

Lakini pana tofauti kubwa kati ya haki ya kusikilizwa na ufundi wa kuponyoka. Anayesema, “Si mimi niliyepiga,” adai haki, na asikilizwe hata usiku kucha. Anayesema, “Nilipiga, lakini karatasi yenu ina kosa,” hadai haki, adai bahati. Wa kwanza ataka ukweli ujulikane; wa pili aomba ukweli usiulizwe. Nyumba iliyojengwa kumlinda wa kwanza isigeuzwe maficho ya wa pili. Tukiwachanganya wawili hao, watu watachoka na rufani zote, na siku atakapokuja asiye na kosa hatapata wa kumsikiliza.

Hoja ya tatu ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wanasema: chama hiki ni cha watu wa kujitolea, ukiwabana sana watakwenda zao, ushupavu hauwezekani katika jamaa isiyo na malipo. Hapa historia ya chama chenyewe yawasuta. Kwa maana palikuwa na wakati chama hiki kilikuwa kishupavu kupita majeshi, wala hakikufa.

Kuanzia mwanzo wa karne ya 20 hadi mwaka 1971, kanuni moja ya chama ilimkataza kila mwanachama kucheza, au hata kutazama, michezo iliyoitwa ya kigeni: soka, raga, kriketi na hoki. Aliyevunja katazo hilo alifungiwa. Chama kiliweka watu wa doria waliokwenda kwa siri kwenye viwanja vya soka, ili kuwaandika majina wanachama walioonekana huko. Kijana aliyetazama mechi na binamu yake Jumamosi aliweza kupoteza ubingwa wake wa Jumapili.

Mwaka 1938 katazo hilo lilimfikia mtu ambaye hapana aliyetarajia limfikie. Douglas Hyde alikuwa mwanachuoni aliyetumia maisha yake kuiokoa lugha ya Kiairishi isife. Mwaka 1893 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Umoja wa Kigaeli kwa kazi hiyo. Kwa heshima hiyo chama cha michezo kilimfanya mmoja wa walezi wake. Katika mwezi wa Juni 1938 akawa Rais wa kwanza wa Ireland. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, kama ipasavyo kiongozi wa nchi, alihudhuria mechi ya soka kati ya Ireland na Poland mjini Dublin. Chama kikamwondoa katika ulezi. Mzee aliyeipenda Ireland kuliko wengi waliomhukumu aliadhibiwa kwa kukaa kitini na kutazama mpira.

Tafakarini jambo hilo. Chama kilekile ambacho watetezi wasema hakiwezi kumkatalia mshambuliaji wa Dublin fainali yake, kilikuwa na nguvu ya kumfukuza Rais wa nchi. Kilikuwa na nguvu hiyo kwa kosa ambalo halikumvunja mtu mfupa, halikumtoa mtu damu, halikumharibia mtu mchezo. Miaka mingi kilikuwa mkali kwa macho ya watu na mpole kwa ngumi zao. Basi tusiambiwe ya kwamba ushupavu hauwezekani. Uliwezekana, ila ulielekezwa pasipo mahali pake. Mwaka 1971 wanachama walikutana Belfast wakalifuta katazo, na chama hakikuanguka, kiliendelea kukua. Fundisho la mwaka ule si kwamba sheria kali haifai. Fundisho lake ni kwamba sheria iadhibu tendo la uwanjani, si mapenzi ya moyo. Na ikiadhibu tendo, ikate mbele na nyuma.

Hata katika siku kubwa kabisa ushupavu wa haki haukuua mchezo. Fainali ya kandanda ya mwaka 1983, kati ya Dublin na Galway, mwamuzi aliwatoa wachezaji wanne: watatu wa Dublin na mmoja wa Galway. Dublin walimaliza wakiwa 12, na walishinda. Watu waliilaani mechi ile kwa ubaya wake, na walikuwa na haki ya kuilaani. Lakini hakuna aliyeweza kusema ya kwamba mwamuzi aliogopa jezi.

Sasa nieleze lipasalo kufanywa, maana kulaumu bila ya kushauri ni kelele. Kwanza, kosa la karani lisahihishwe na karani. Ripoti ikiwa na neno lililoandikwa vibaya, irudishwe iandikwe vizuri, na kesi isikilizwe upya. Lakini kasoro ya kalamu isigeuke kuwa msamaha wa ngumi. Pili, kosa la hatari lifunguliwe kwa wote au lisifunguliwe kwa yeyote. Ikiwa picha za kamera zatosha kumtia mtu hatiani, zitoshe kwa kila mtu, hata kama mwamuzi alikwisha kupita bila ya kupuliza kipenga. Tatu, rufani iwe na swali moja juu ya maswali yote: je, tendo lilitendeka? Likijibiwa, mengine yafuate.

Nne, palipowezekana, adhabu itolewe palepale. Chama kimekwisha kuijaribu njia hiyo katika kandanda. Tangu mwaka 2014 ipo kadi nyeusi kwa anayemwangusha au kumzuia mpinzani kwa makusudi ili kuharibu mchezo, na tangu mwaka 2020 anayeonyeshwa kadi hiyo hukaa nje dakika 10, timu yake ikiwa pungufu. Uzuri wa adhabu hii ni kwamba hailali. Dakika 10 zikisha kupita hakuna wakili awezaye kuzirudisha, wala hakuna siku ya fainali ya kuzingojea. Hukata shujaa na mwanafunzi kwa urefu mmoja.

Tano, mwamuzi aheshimiwe kwa sheria, si kwa maombi. Katika kanuni mpya za kandanda zilizoanza kutumika mwaka 2025, nahodha peke yake ndiye anayeruhusiwa kumwendea mwamuzi kuuliza maelezo, na timu inayobishana naye huadhibiwa kwa mpira kusogezwa mbele meta 50 kuelekea lango lake. Meta 50 ni maneno ambayo kila mchezaji ayaelewa. Kwa muda mrefu watu walihubiri heshima pasipo faida; kanuni moja iliyo wazi, inayoumiza kila upande kwa kadiri moja, imeifanya midomo mingi ifungwe.

Kabla sijamaliza, yanipasa kurudi kwa Diarmuid Connolly, maana si haki kumwacha mtu katika saa moja ya maisha yake. Mwezi wa Juni 2017, katika mechi na Carlow, alimsukuma mwamuzi msaidizi. Adhabu ilikuwa majuma 12, katikati ya msimu, katika miezi ambayo mchezaji huisubiri mwaka mzima. Safari hii hakupanda ngazi. Aliikubali, akakaa nje wakati wenzake wakicheza. Adhabu ilipokwisha alirudi. Katika fainali ya mwezi wa Septemba, dhidi ya Mayo tena, aliingizwa kipindi cha pili. Na katika dakika za mwisho, matokeo yakiwa sare, ni yeye aliyechezewa rafu iliyozaa pigo la ushindi. Dublin walishinda kwa nukta moja.

Linganisheni misimu hiyo miwili. Katika yote miwili timu yake ilichukua ubingwa. Lakini ule wa 2015 una doa ambalo watu wa Mayo wanaweza kulionyesha kwa kidole. Ule wa 2017 hauna. Mtu aliyelipa deni lake aliingia uwanjani kwa mlango wa mbele, na hapana aliyeweza kumwambia kitu. Adhabu iliyotumikiwa ilimrudishia heshima ambayo adhabu iliyokwepwa haingeweza kumpa. Hili ndilo wasiloliona wale wanaokesha kumponya mchezaji wao: wanadhani wanamwokoa, kumbe wanamnyima nafasi ya kuwa mtu aliyelipa.

Nanyi mnaosoma maneno haya katika shule zetu, msidhani ya kwamba yanawahusu Waairishi peke yao. Ninyi nanyi ni wachezaji wa ridhaa. Hakuna anayewalipa kwa mpira wa miguu, wa wavu wala wa magongo. Mnachezea jina la shule yenu. Mechi zenu nazo zina waamuzi wasiolipwa kitu, ambao ni walimu waliotoka madarasani wakiwa wamechoka. Na pengine katika timu yenu yupo mmoja mwenye kipaji kuliko wote. Siku atakapotenda kosa, juma moja kabla ya fainali ya kaunti, mtajaribiwa. Mtasikia sauti zikisema kwamba mwalimu wa michezo afumbe macho, kwamba ripoti ichelewe, kwamba jina lisiandikwe. Sauti hizo zitasema kwa mapenzi, wala si kwa ubaya.

Siku hiyo mkumbukeni kijana wa timu ya pili aliyekaa nje kwa kosa hilohilo muhula uliopita, asiwe na mtu wa kumtetea. Atakuwa amesimama pembeni mwa uwanja, akitazama mtakavyofanya. Mkimtia uwanjani mwenye kipaji, mtaweza kushinda fainali. Lakini yeye atakuwa amejua ya kwamba katika shule yenu pana sheria mbili. Na akikua, akiwa hakimu, askari, mkuu wa ofisi au baba wa watoto, ataishika ile aliyoiona ikishinda.